Sentensi Moja ya Ukurasa wa Saba

Luhaga aliliona kosa la Kabula siku ile ile aliyopewa kazi yake aikague. Lilikuwa ukurasa wa saba. Akalitazama, akamalizia chai yake, kisha akamwandikia: "Dada, iko safi. Tuma."

Msimwonee huruma. Alikuwa na sababu zake, na mtu mwenye wivu hakosi sababu. Chuo kimoja cha Ulaya kilitangaza nafasi moja ya utafiti, miaka minne na shahada ya uzamivu juu yake: kutafuta jinsi kompyuta inavyoweza kuchagua mpangilio ulio bora kati ya mipangilio isiyohesabika. Waliomba wote wawili, marafiki tangu kidato cha kwanza, kila mmoja kwa kutuma kazi aliyoiandika, na wote wawili wakaitwa kwenye usaili. Luhaga alikuwa anafundisha hesabu kwa mkataba unaoisha Desemba. Kabula alikuwa anapanga safari za malori kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi, na malori hayo ndiyo yaliyompa wazo: njia ya kulizungusha lori vijijini kukusanya pamba, pamoja na uthibitisho kwamba saa za mzunguko huo haziwezi kuzidi mara moja na nusu ya zile za mzunguko mfupi kuliko yote.

Uthibitisho huo ulisimama juu ya jambo moja, kwamba kwenda moja kwa moja hadi kijiji kingine hakuchukui muda mrefu kuliko kupitia kijiji cha tatu. Kwenye karatasi, sawa. Lakini nani asiyejua kwamba masika mto ukijaa, anayenyoosha njia analala barabarani na anayezunguka anafika? Kabula mwenyewe kila mwaka aliwaambia madereva wazunguke. Alipokaa kuandika akasahau, basi. Sentensi moja tu ingemponya, na Luhaga alikuwa nayo kichwani.

Usaili wa Kabula ulikuwa Jumanne, akatoka anacheka. Wa Luhaga ulikuwa Jumatano saa tisa alasiri, chumbani kwake Somanda, hapo hapo Bariadi, ambako mtandao haushiki ila kwa laini ya Kabula, tena simu iinuliwe dirishani. Kabula akaomba ruhusa kazini, akaja.

"Mwadila, Luhaga," alisalimu akivua viatu. "Leo mkono wangu ndio mnara wako."

Akasimama dirishani, mahali ambapo kamera ya kompyuta haimwoni, simu juu.

Profesa wa chuo kile, aliyekuwa anasaili, hakupoteza muda. "Kwenye kazi ya Kabula kuna shukrani," alisema kwa Kiingereza. "Anasema wewe ulikagua kila mstari. Ni kweli?"

Luhaga hakuwa na habari na shukrani hizo. Kabula alikuwa amezitia mwishoni, kwa moyo mweupe, bila kumwambia.

"Ni kweli, profesa."

"Basi ukurasa wa saba uliuonaje?"

Akisema hakuliona kosa, yeye ni mjinga. Akisema aliliona, kuna la kujibu. Mtu mwenye haya angeomba radhi hapo hapo. Luhaga akachagua kutoonekana mjinga.

"Niliona kosa," alisema, na akalieleza vizuri, lazima tukubali. Badala ya barabara ya moja kwa moja, chukua muda wa njia ya haraka kuliko zote, hata kama inazunguka, na uthibitisho wote unasimama tena.

Profesa akatabasamu. "Ulimwambia?"

Luhaga akainua macho. Kabula alikuwa anamtazama, mdomo wazi kidogo.

"Nilimwambia. Hakutaka kusikia."

"Inasikitisha. Jana tulikuwa tumeshakubaliana kumpa yeye. Kosa la sentensi moja si kitu. Lakini mtu asiyeambilika hatuwezi kukaa naye miaka minne."

Luhaga akangoja mkono ule wa Kabula ushuke, mtandao ukatike, yaishe. Haukushuka mpaka profesa alipoaga.

"Uliliona," Kabula alisema.

"Kabula, mimi nilikuwa..."

"Usinieleze. Bando bado lipo. Waandikie sasa hivi kwamba hukuniambia kitu. Kama ni kukosa, nikose kwa kosa langu, si kwa uongo wako."

Luhaga akainamisha kichwa, akafungua barua pepe. Aliona aibu, aibu ya kweli kabisa, na vidole vikaendelea kuandika. Aliwashukuru kwa muda wao. Akawahakikishia kwamba Januari yuko tayari kuanza. Kabula alikuwa amemgeuzia mgongo, hataki kumwona yeye wala kompyuta yake.

Akabonyeza kutuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Haiendi," alisema.

Kabula akafuta machozi kwa kiganja. Akarudi dirishani, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akainua simu juu kuliko mwanzo.

"Imeenda?"

"Imeenda."