Kabati la Mayai

Nihal alishuka kwenye treni akiwa amejaa habari mpaka kooni. Mitihani ya chuo imekwisha, rafiki yake wa bwenini kaposwa na wanaume wawili ndani ya wiki moja, na mwalimu mmoja kaanguka jukwaani mbele ya mgeni rasmi. Alipanga kumwaga yote mlangoni, hata viatu hajavua.

Lakini alipofika nyumbani kwao Gongoni, mjini Tabora, mama yake Bi Khole aliinua mkono kumpokea, na bangili zote zikateleza mpaka kwenye kiwiko. Habari zikamkauka mdomoni.

"Shikamoo mama. Umekuwa hivi tangu lini?"

"Marahaba mwanangu. Ni hizi dawa, zinachosha."

Dawa, sawa. Nihal alijua mama yake ana saratani ya titi, na kwamba kila baada ya wiki tatu huenda hospitali ya rufaa huko Mwanza kutundikiwa dripu. Akaingia jikoni kumchemshia yai na maziwa. Akakuta kabati la chakula limepigwa kufuli. Kufuli, jamani! Jeusi, kubwa, la kufungia duka.

Aliyelifunga ni ami Darwesh, mdogo wa marehemu baba yake, ambaye tangu msiba ndiye mwenye sauti ya mwisho humo ndani. Ufunguo anao kiunoni, umefungwa kwenye mkanda.

"Saratani inakula mayai, nyama, maziwa na sukari," alieleza, huku anachovya chapati yake kwenye rosti la maini. "Nimeona klipu, kuna bwana mmoja kaeleza vizuri sana. Ukiinyima chakula inakufa yenyewe."

"Na mama akinyimwa, yeye hafi?"

"Mama yako anapata juisi ya majani, asubuhi na jioni."

"Majani, ami! Mama ni mbuzi?"

"Chuo kimekufundisha kujibu wakubwa," akasema, akamalizia ini la mwisho.

Nihal alimtazama mama yake. Bi Khole alikuwa anakunja ncha ya kanga. "Muache," alinong'ona. "Ana nia njema." Nia njema! Nihal alitamani kuipasua ile sahani.

Siku ya dawa wakaenda Mwanza wawili tu. Mzani ukasema kilichoonekana kwa macho. Daktari akatikisa kichwa: kwa mwili ule, na damu iliyoshuka vile, dripu ya leo inaahirishwa. Wakapelekwa kwa dada wa lishe, jina lake Getruda, ambaye alimsikiliza Bi Khole mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akavuta kiti karibu.

"Mama, njaa haiui saratani. Njaa inakula nyama yako wewe, halafu dawa inakukuta huna nguvu ya kuibeba. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Mayai yaliyoiva kabisa, kuku, samaki, maharage, karanga, maziwa yaliyochemka. Kinywa kina vidonda?"

"Kinawaka moto. Na kila kitu kina ladha ya chuma."

"Basi vitu laini, visivyo moto sana, bila pilipili wala ndimu. Kipikwe sasa hivi, kisilale. Na hayo majani, acha mpaka utuletee tuyajue." Akamgeukia Nihal. "Baada ya wiki mbili tunampima tena. Akizidi kupungua, dawa inaahirishwa tena. Na uvimbe, mdogo wangu, hautusubiri."

Nihal alirudi Tabora na maneno hayo kama kaa la moto mkononi. Akamweleza ami neno kwa neno.

"Huyo Getruda ana umri gani?" akauliza ami Darwesh.

"Umri unahusiana nini na mayai?"

"Msichana mdogo hawezi kunifundisha kuuguza watu wa nyumba yangu." Akapapasa ufunguo wake, akaenda dukani.

Nihal akatoka uani akalia kwa hasira, ile ya kupiga mguu chini. Bi Zamda, jirani, akachungulia juu ya ukuta.

"We mtoto, kuna msiba hatujaambiwa?"

Nihal akamwambia. Na alipokuwa anasema, macho yake yakaangukia kwenye mlango wa chumba cha ndani.

Nyumba yao ilijengwa zamani, misafara ya kwenda Ujiji ikiwa bado inapita, na kuta zake ni nene kama magunia. Chumba hicho ni cha wazazi. Tangu wakati huo, kila mwanamke wa nyumba ile akijifungua huingia humo na hatoki mpaka arobaini yake iishe. Mwanaume havuki pazia, awe mume, awe baba mkwe. Na chakula cha mzazi ni cha wanawake. Hakiulizwi na hakipunguzwi. Ami Darwesh mwenyewe, wake zake wawili walipozaa humo, alikuwa anasalimia akiwa uani kama mgeni.

"Bi Zamda," akasema Nihal, machozi hayajakauka. "Mama anaingia ndani."

"Ndani wapi?" Kisha akaelewa. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Khole! Mjane, umri wa kuitwa bibi! Na baba wa mtoto tumtaje nani?"

"Mtaje yeyote. Supu je, utaleta?"

"Naleta kuku mzima."

Bi Khole alikataa. Akasema ni aibu, watu watacheka. Bi Zamda akamwinua kwapani. "Watu wacheke, shoga. Bora wacheke wewe ukiwa unatafuna."

Siku ya kwanza alitapika. Ya pili akaweza vijiko vitatu vya uji wa ulezi uliosagiwa karanga, na Nihal akavishangilia kama bao la dakika ya mwisho. Usiku akaanza kumsimulia mwalimu aliyeanguka jukwaani, lakini mama akasinzia kabla hajafika mwisho. Habari ikazunguka mtaa, maana habari za mzazi hazina miguu, zina mabawa. Yakaja mabakuli. Supu ya kuku iliyochemka hadi mfupa ukalegea, ila pilipili manga ya wazazi wakaiacha. Samaki, migebuka iliyoshuka na treni ya Kigoma, imechambuliwa miiba yote. Michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopondwa na karanga mpaka ikawa laini kama siagi. Nihal alikagua kila bakuli mlangoni kama askari wa forodha. Cha jana kilirudi na mwenyewe.

Ami Darwesh akasikia harufu. Akaja mpaka kwenye pazia.

"Shemeji! Wanakulisha nini humo?"

"Darwesh!" Bi Zamda akapiga ukelele. "Unaingia kwa mzazi? Huna haya?"

"Mzazi gani? Mnamuua!"

"Kwa supu?" akadakia Nihal. "Ami, ungemuona mtu kafa kwa supu ungetuletea klipu!"

Wanawake wakaangua kicheko. Ami alisimama, mkono kwenye ufunguo, na pazia jepesi likamshinda. Akaondoka akitishia kwamba safari hii Mwanza anakwenda mwenyewe, daktari aone walivyomharibu mgonjwa.

Na kweli alikwenda, kanzu imenyooshwa. Bi Khole akapanda mzani. Hakuwa amenenepa, lakini kupungua kulikoma, na mshale ulisogea kidogo upande wa heri. Kipimo cha damu kikapita. Dripu ikatundikwa. Getruda akaja anatabasamu, akamuona mwanaume mzima kasimama kando ya kitanda.

"Hongera sana, baba. Mmemlisha vizuri."

"Tunajitahidi," akasema ami Darwesh.

Tunajitahidi! Nihal akafungua mdomo, lakini mkono wa mama yake ukambana. Akadhani ananyamazishwa tena, kwa ajili ya nia njema ile ile.

"Hapana," akasema Bi Khole.

Sauti ilikuwa ndogo, ila wodi nzima iliisikia.

"Huyu alinifungia chakula, mwanangu Getruda. Mimi na njaa yangu, na yeye anakula maini mbele yangu. Na mimi nikanyamaza, nikaona ndiyo heshima. Darwesh, lete ufunguo."

"Shemeji, watu wanatusikia..."

"Wasikie. Lete."

Ami alitazama huku na huku. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameshaketi ili aone vizuri. Vidole vikahangaika na mkanda mpaka ufunguo ukatoka, akauweka kwenye kiganja kile kisicho na sindano.

Bi Khole akaufumbata. Kisha akamgeukia binti yake.

"Tukifika, mayai ya mle kabatini utupe. Yatakuwa yameoza. Sasa hebu nambie, huyo mwalimu alianguka vipi?"