Daktari wa Kwenye Kompyuta

Mikono ya Winrose ilitoka vipele vyekundu, na wateja wa chapati zake pale Bondeni wakaanza kupita wakiangalia kando. Jirani yake Chepkurui akamwambia siku hizi kuna daktari wa ngozi kwenye mtandao, unampelekea picha tu. Winrose, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupigwa picha bila kujipodoa, aliipaka mikono mafuta, kisha poda mpaka vipele vikafichika, ndipo akaingia saiba, duka la kompyuta za kukodi, akapigwa picha na kumtumia daktari.

Jibu lilikuja kesho yake: "Ngozi yako ni safi kabisa. Kunywa maji mengi, na uvae glavu wakati wa theluji."

"Theluji ya Nakuru!" Chepkurui alicheka hadi akashika ukuta. "Na hakukuuliza hata kama inawasha?"

"Hakuuliza kitu."

"Hata muuza miti shamba sokoni hushika mkono kwanza!"

Lakini Winrose alikuwa anataka wateja wake warudi. Akalibandika jibu lile kibandani. Mzee Kiprugut, aliyekuwa akila hapo kila asubuhi, alilisoma polepole, akaitazama mikono ikikanda unga, akairudisha sahani.

"Mathe, huyo daktari anakaa wapi?"

"Ng'ambo."

"Basi mpelekee chapati kwa hiyo kompyuta, akule yeye."