Shahidi Mkavu

Lisilosemwa lipo, na kama halipo laja. Ndivyo alivyowaza Fundi, mjane aliyerithi karakana ya mumewe, akilizunguka rundo la mbao kwa mara ya tatu. Zilipangwa vizuri, fito kati ya kila safu ili hewa ipite. Ila pua yake ilikataa. Ilinusa uyoga.

"Shemeji, hizi zimekauka lini?"

"Juzi. Muulize shahidi," alijibu mdogo wa marehemu, macho hayabanduki kwenye msasa.

Shahidi ni kipande kilichokatwa kwenye mbao zilezile. Hukaa humohumo ndani ya rundo, na kila Jumatatu hupimwa kwenye mizani, uzito ukaandikwa kwa penseli ubavuni mwake. Uzito ukigoma kushuka, mbao zimeiva. Huyu wa safari hii aligoma baada ya wiki tatu tu, na mbao za unene ule huchukua miezi.

Fundi akakigeuza kipande. Upande mmoja ulikuwa na masizi.

"Alikuwa wapi huyu?"

"Kwani ubao una miguu? Siku hizi unashuku hata kivuli chako."

Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kukagua mbao za rafu zake za vitabu. Rafu za mwaka jana ziliota ukungu, vitabu vikaoza hadi vikachomwa. Aliapa kwamba zikiota tena, karakana ile haikanyagi. Na mteja mwingine hakuwepo.

Fundi akachomoa ubao wa katikati, mzuri kuliko yote, akaukata kati kwa kati mbele ya mgeni. Akabandika kiganja penye mkato. Kikarudi na unyevu.

Shemeji akanywea. "Shahidi nilimweka kando ya jiko la kuyeyushia gundi. Nilitaka tuanze kazi mapema."

"Ukamkausha shahidi, kesi ukaiacha inaloa."

Mkuu wa shule aliugusa ubao, akaguna. "Afadhali ningoje miezi kuliko kuchoma vitabu tena. Mtaniita zikiiva." Akaaga.

Shemeji alingoja hatua zake zipotee. "Umenivua nguo mbele ya mgeni. Mimi ni ndugu wa mumeo. Angalau niombe radhi."

Fundi alikuwa ameshaanza kulipangua rundo.

"Shika upande ule tuzipange upya, fito ziongezwe. Nimekushuku leo, na Jumatatu nitakushuku tena. Radhi siombi."