Unywele wa Nne wa Inzi wa Michongoma

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye ua wa michongoma wa marehemu mama, huku kwetu Lushoto, masika yamekolea. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Shekiango, ameshika panga, kama alivyokwisha kunitishia mchana.

"Bibi shamba, ua huu unazaa inzi wa chooni. Tunaukata."

Inzi wa chooni! Mimi, miaka kumi na tisa natambua wadudu wa kata hii, niambiwe hayo mbele ya ua alioupanda mama yangu kwa mikono yake?

"Nipe nafasi nimtambue huyo inzi."

"Mtambue kabla panga halijashika kutu." Panga likaanza kushika kutu palepale.

Nafungua kitabu cha kutambulia wadudu, kile cha kufuata namba kwa namba. *Kama ana nywele ngumu mgongoni, nenda namba nne.* Nikaenda. Namba nne ni zahanati, na inzi mwenyewe amekaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Shikamoo," nikamwambia, maana ana siku kumi na mbili, na kwa inzi huo ni utu uzima.

"Marahaba, mwanangu. Haya, hesabu."

Nahesabu nywele za mabegani. Kulia nne, kushoto nne. Mshipa wa bawa umepinda. *Nenda namba tisa.*

Namba tisa ni shamba langu la kabichi. Kiwavi amejilaza, tumbo limetuna, na ndani yake buu anapiga hodi.

"Karibu nje," kiwavi akamjibu. "Huku ndani umeshamaliza."

Inzi akanigeukia. "Basi mimi ni nani?"

Nikasimama wima kama siku niliyopokea cheti. "Wewe ni inzi muua viwavi. Watoto wako hukulia tumboni mwa kiwavi, ndiyo maana kabichi za hapa zina majani. Choo hukijui, kwako ni kwenye michongoma."

Inzi akapangusa macho kwa mguu wa mbele. "Siku zote kumi na mbili, hakuna aliyenitaja sawasawa." Akang'oa unywele mmoja wa bega la kushoto. "Mwonyeshe mwenyekiti."

Niliamka jua limeshatoka. Nje Mzee Shekiango alikuwa ananoa panga huku analalamika, "Kutu gani hii, jamani? Jana lilikuwa jipya!"

Kwenye chandarua alitua inzi. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikahesabu nywele za mabegani.

Kulia nne. Kushoto tatu.

Nikamfunika kwa glasi, nikajifunga khanga, nikatoka kifua mbele.

"Shikamoo, Mzee. Weka panga chini, uje tuhesabu."