Ukurasa wa Nyanjige

Siku ya gulio pale Nkoma, mwaka 1995, Anatoli Mboje alinunua chumvi dukani kwa Jabiri na kukuta imefungwa kwenye ukurasa wa kitabu chake. Alimimina chumvi mfukoni, akaunyoosha ukurasa, akausoma amesimama juani. Bado aliuona ni mzuri.

Mwalimu huyu alikuwa ameandika vitabu vitano, vikasifiwa na wahadhiri na kusomwa na hao hao. Hiki cha mwisho kilikuwa kurasa zisizoshonwa, ndani ya boksi, zisomwe kwa mpangilio wowote. Kila ukurasa ulimhusu mwanamke mmoja wa Nkoma, kwa jina lake halisi, na wote aliwapa macho mekundu. Ni kweli walikuwa nayo. Miti ilikwisha zamani, wakawa wanapikia samadi, na moshi wa samadi hauna huruma. Lakini Anatoli, aliyekiandika akiwa Dar es Salaam, hakuutaja moshi. Aliona ungeharibu sentensi.

Shirika lililokichapa lilipofungwa, kama mengi miaka ile ya soko huria, maboksi yaliuzwa kwa kilo. Moja likafika kwa Jabiri, likafungia chumvi, sukari na ugoro. Kwa njia ya ugoro kitabu kilimfikia Mahona, mganga, aliyekuwa amechoka kuchinja kuku wa ramli. Hakujua kusoma. Alizitandaza kurasa kwenye ungo, mgonjwa akachota mmoja na kujisomea jina la aliyemroga. Macho mekundu, alama ya mchawi kwa watu wa huko, yakathibitisha.

Milembe, wa kwanza kuchotwa, alikatwa mapanga saa nne asubuhi, akichuma pamba. Saa sita alifika kwa Anatoli, kichwa kimelalia bega, mkono wa kushoto ameubeba kwa mkono wa kulia. Nyanjige, dada yake Anatoli aliyekuwa akiishi naye, alimpa kigoda na maji. Maji yakatokea shingoni. Nyanjige akapiga deki.

"Mwalimu," Milembe alisema, "niandikie moshi."

Anatoli akaandika moshi, ukurasa mzima. Kidonda hakikufunga.

Kufikia mwisho wa msimu waliokatwa walikuwa tisa, wamejaa uani kwa Anatoli wakichambua choroko. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuja kuchukua maelezo. Waliwauliza marehemu nani aliwakata, nao wakawataja wakataji kwa jina na ukoo. Katibu wao aliandika kwamba ushahidi hautoshi, kwa kuwa wote walikatwa kwa nyuma.

Ukurasa wa Nyanjige ulikuwa haujaonekana. Anatoli alimpenda dada yake kuliko vitabu vyote vitano, ila hakuwahi kumwambia. Jabiri alikataa kumuuzia kurasa bila bidhaa. Zikiisha atafungia nini? Basi kila asubuhi Anatoli alinunua chumvi, akafungua, akasoma jina. Mitungi ikajaa chumvi, kisha ndoo, kisha kitanda chake. Alilala chini.

Alimwendea pia Mahona.

"Mimi sichagui, Mwalimu," Mahona alisema kwa upole. "Anachota mwenyewe mtu. Na kuandika uliandika wewe."

Anatoli alipekua ungo mzima. Haukuwemo.

Ulikuwa kwenye mfuko wa shati la Dastan, mtoto wa marehemu mume wa Nyanjige kwa mke mwingine. Dastan alikuwa anaitaka mbuga ya baba yake, shamba la udongo mweusi alilokuwa akililima Nyanjige, kwa sababu sasa wanunuzi binafsi wa pamba walileta malori mpaka ukingoni mwa shamba. Alikuja asubuhi, panga mkononi.

"Mwangaluka, mayu. Mwangaluka, mjomba," akawaamkia mama yake wa kambo na Anatoli. Akampa Anatoli ukurasa. "Soma mwenyewe. Maneno si yako?"

Nyanjige alikuwa ameinama anapuliza samadi. Panga la kwanza lilimpata shingoni. Anatoli alilidaka la pili, likaondoka na vidole vitatu vya mkono wa kuandikia. La tatu na la nne hayakuwa na wa kuyadaka. Dastan alifuta panga kwa ule ukurasa, akaaga vizuri, akaenda kupima mbuga kwa hatua.

Baada ya muda Nyanjige aliinuka, akaokota vidole vya mdogo wake, akavifukia kwenye chumvi. Akaendelea kupuliza moto. Moshi ulimtoka shingoni.

"Dada," Anatoli alisema akilia, "nikuandikie nini?"

"Usiandike tena, mdogo wangu. Umeshaandika."

Anatoli hakuandika tena. Alifariki mwaka 1998 kwa kifua, mwezi wa kuchuma pamba, watu wako mashambani, hivyo kaburi lilichimbwa na marehemu. Walichimba polepole, wengi wao kwa mkono mmoja.

Jioni walio hai walikuja msibani. Dastan, ambaye pamba yake ilikuwa imestawi kuliko zote, alileta sukari. Nyanjige aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaimimina kwenye sufuria ya chai na kumrudishia karatasi. Dastan aliikunjua, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa sauti kama alivyofundishwa shuleni.

"Kulwa binti Mahega."

"Abee," Kulwa, mmoja wa walio hai aliyekuwa akisaidia kupika, aliitika kutoka jikoni, akitoka huku anafuta macho.