Mgonjwa wa Kwenye Chupa

Fundi, kama walivyomwita kwa kazi yake ya kushona nguo, alikuwa mwanamke wa kinyaa, na hilo halikuwa siri mtaani. Unywele mmoja kwenye chakula ulimkatisha hamu mpaka kesho yake. Kohozi njiani lilimvusha barabara. Na wadudu ndio usiseme, hasa wale wenye mwili laini wanaojivuta na kujinyonganyonga. Hao walimpandisha nyongo papo hapo. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejitwika kumfundisha bintiye sayansi nyumbani, tena kwa vitendo, tena msimu wa mvua, wakati kila kitambaacho kimetoka nje kutamba.

Lakini hakuamka tu siku moja akajiamulia. Binti yake, ambaye ukikaa naye kidogo utajua mwenyewe kwa nini walimpachika jina la Kwanini, alikuwa anasoma shule kama watoto wenzake. Darasani wakapanda maharagwe kwenye vikopo. La kwake halikuota. Wageni wa ukaguzi walipokaribia, mwalimu akang'oa mche kwenye kikopo cha mwingine, akauchomeka kwenye cha Kwanini, akamwambia asimame aseme ameuotesha yeye. Mtoto akakataa katakata. Akapigishwa magoti mbele ya darasa kwa kumtia mwalimu aibu. Fundi aliposikia alichafukwa roho kuliko alivyowahi kuchafukwa na funza yeyote. Alikwenda kumchukua mtoto siku hiyo hiyo, akaapa kwamba nyumbani kwake hakuna mtu atakayebadilishiwa kitu.

Mumewe, mtunza ghala, mtu wa maneno machache, hakupinga wala hakukubali. Ila siku moja alirudi na kitambaa cha sare ya shule, akakiweka juu ya cherehani ya mkewe. Akasema anawapa muda mpaka mwisho wa likizo. Dada yake, ambaye ni mwalimu wa siku nyingi, angekuja Jumamosi ya mwisho kumsikiliza mtoto. Akiridhika, sawa. Asiporidhika, Jumatatu Kwanini anavaa sare anarudi shule, na mjadala umekwisha. Fundi aliishona sare ile kwa hasira mpaka ikabaki kubandikwa mfuko tu, ambao ulikuwa umekatwa na kupindwa, umelala pembeni ya mashine.

Masomo yenyewe yalianza vizuri, tuseme ukweli. Walikata mkebe wakaupanga uani kupimia mvua. Walichemsha maji wakaangalia matone yakijikusanya kwenye kifuniko cha sufuria, wakaelewana kwamba mvua nayo ndivyo inavyofanywa. Walikoroga udongo kwenye bilauri wakauacha utulie, mchanga chini, tope juu. Fundi alifurahia sana masomo hayo, kwa sababu maji hayana miguu.

Kwanini yeye alitaka vyenye miguu. Akaleta kiwavi kutoka kwenye kabichi za bustanini, wa kijani, mnene, ananata. Fundi alijikaza kisabuni. Alitafuta chupa ya mdomo mpana, akaifunika kwa kipande cha neti, akatangaza kwamba watamtunza mpaka awe kipepeo. Hata alimpigia simu wifi yake, yule mwalimu, kumwambia ajiandae kuona maajabu. Ila majani aliyatumbukiza huku uso ameugeuzia ukutani. Mtoto alimwita aje aone, kiwavi ana madoa meusi ubavuni. Baadaye, mwanangu. Akamwita tena, siku ile alipomchuma kulikuwa na kidudu cheusi kimempanda mgongoni, kinamchoma, je, kilikuwa kinatafuta nini? Baadaye, nina kazi. Hiyo baadaye haikufika.

Jumamosi alidamka kupangusa meza kabla wifi hajafika. Akainua chupa. Safari hii hakuwa na pa kugeuzia uso.

Lo! Kiwavi alikuwa bado hai, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Amesinyaa, kichwa kinayumba taratibu, na ubavu mzima umetobokatoboka. Kutoka kwenye matundu yale walikuwa wametoka mabuu wadogo, wengine nusu ndani nusu nje, wananing'inia wanajipindapinda. Waliokwisha kutoka walikuwa wamejifunga nyuzi, wamemgandama mwilini kama punje za mchele. Fundi aliwahi sinki. Alitapika chai, akatapika maji, akatapika na kile ambacho hakipo.

Alipoinua kichwa, kitu cha kwanza alichokiona akilini ni wifi yake na viatu vyake visivyoshika vumbi. Hiyo ndiyo shule yenu ya nyumbani? Uozo juu ya meza? Mtoto bado alikuwa amelala. Fundi akaishika chupa kwa tambara, akaikung'uta kwenye pipa la taka nyuma ya nyumba, juu ya maganda ya viazi na masalio ya samaki. Akamwagia na majani ya chai ili asimwone tena. Akaiosha chupa kwa maji ya moto, kisha akaingia bustanini na vijiko viwili, macho nusu yamefumba, akamkwapua kiwavi mwingine. Kijani, mnene, mzima. Alijiambia kiwavi ni kiwavi.

Wifi alikuja, akakaa wima, akakataa mto. Alimwuliza mtoto mvua inatoka wapi, na Kwanini akamweleza kwa sufuria na kifuniko, hatua kwa hatua, bila kubabaika. Akamwuliza tope linakaaje juu ya mchanga. Akajibiwa, na yeye mwenyewe akarudishiwa swali ambalo lilimfanya afikiri kidogo. Wifi akaanza kulainika. Fundi akaanza kupumua. Ndipo wifi akaomba kuonyeshwa hayo maajabu ya kwenye chupa.

Kwanini aliivuta chupa karibu. Akatazama kwa muda mrefu.

"Siye huyu," akasema.

Shangazi yake akamwuliza siye nani.

"Siye kiwavi wangu. Wangu anaumwa. Ana wadudu tumboni, jana ngozi ilikuwa inacheza. Nilikuwa nasubiri watoke."

Fundi akacheka kicheko cha nje ya meno. "Si amepona, mwanangu? Usiku ni mrefu."

Kwanini akamtazama mama yake. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Umenibadilishia," akasema polepole. "Basi nirudi shule tu, mama. Huko nako wanabadilisha, lakini nina wenzangu wa kucheza nao."

Fundi alisikia ladha ile ile ya sinki ikimrudi kooni, ila safari hii hapakuwa na mdudu. Alikuwa yeye. Amemkejeli mwalimu wa watu mtaa mzima, amemwita muongo, kumbe yeye ndiye amechomeka mche kwenye kikopo, tena akaongeza na uongo wa pili mtoto akimtazama. Alijinusa akajichukia.

Aliinuka bila kuaga akaenda kwenye pipa. Hakuchukua kijiko, hakuchukua tambara. Aliingiza mikono mpaka kwenye viwiko, kwenye ule utelezi na harufu ya samaki, machozi na kamasi vinamtoka, akapekua jani kwa jani mpaka akampata. Alimleta kiganjani, amejaa chai, mabuu yake yamemganda, akamweka kwenye sahani nyeupe katikati ya meza.

Wifi aliruka mpaka mlangoni, leso puani. Alisema hajapata kuona uchafu wa namna hii mezani kwa watu, na kaka yake ataambiwa.

"Mwambie yote, wifi," Fundi alisema. "Mwambie na nilichofanya mimi."

Wifi akaondoka, chai yake haijaguswa.

Walibaki wawili. Fundi akamwambia mwanawe kwamba amemtupa kiwavi wake kwa sababu ya kinyaa, na kwa sababu ya kumwogopa shangazi, na kwamba alipoulizwa amedanganya. Kwanini alisikiliza, mikono mapajani.

"Hukumwangalia hata siku moja," akasema.

"Sikumwangalia."

"Mwangalie sasa."

Fundi akainama. Akaangalia mpaka akaona jinsi buu la mwisho lilivyokuwa linazungusha kichwa, huku na huku, likijifumia nyuzi nyembamba kuliko uzi wowote uliowahi kupita kwenye sindano yake. Kwanini akamwonyesha yalipokuwa yale madoa, na kumweleza tena habari ya kidudu cheusi cha mgongoni. Wakaunganisha pamoja kwamba kilikuwa nyigu mdogo, na mayai kiliyaweka humo humo mwilini mwa kiwavi. Bado Fundi aliona kinyaa. Lakini hakugeuza uso.

Mumewe alirudi jioni, na sura yake ilionyesha kwamba simu ilikwisha kumfikia. Alisimama mlangoni, akaitazama sahani, akamtazama mkewe, kisha akamwuliza binti yake leo amejifunza nini.

"Wale mabuu watakuwa nyigu," Kwanini alisema. "Na mama alidanganya, halafu akamtafuta kwenye taka kwa mikono. Ila tuna shida, baba. Wakitoka watapita kwenye neti, matundu ni makubwa."

Baba mtu akaenda kwenye cherehani, akauokota ule mfuko wa sare, akauinua kwenye taa kuona kama unapitisha hewa. Kisha akaupima kwenye mdomo wa chupa.

"Huu utatosha?" akamwuliza mkewe.

Fundi alisema utatosha. Akamtoa yule kiwavi mzima, akamrudisha mgonjwa ndani ya chupa. Akaufunga mfuko mdomoni mwa chupa kwa uzi, akauzungusha mara kadhaa, vidole vyake bado vinanuka samaki.