Jiwe Lililolazwa Kifudifudi

Zege lilianza kulia kabla ya kupasuka. Ti, ti, ti. Likianza hivyo, mtu mwenye akili zake anarudisha uso nyuma. Eufrasia akasukuma mpini wa pampu mara moja tena, kwa mabega yote mawili, na lile tofali dogo la kupimia, lililoletwa kutoka kwenye msingi wa shule huko Bunda, likaachia pa! katikati ya sahani mbili za chuma. Vumbi likamjaa kwenye nyusi.

"Limejitahidi," alisema Dokta Clementi, akichungulia mshale wa geji. "Sasa, mama, tuletee lile jiwe la Werema."

Eufrasia akauachia mpini, asisogee.

Maabara ile ya vifaa vya ujenzi pale Musoma ilikuwa chumba kimoja chenye bati linalovuja, na mashine yenyewe ilisukumwa kwa mkono, maana umeme ulikuwa mgeni, ukija unaaga. Ni miaka ile sabuni ilikuwa ya kubahatisha na mitumba ndiyo kwanza inaruhusiwa sokoni. Dokta Clementi, mtafiti kutoka chuo kikuu, hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa kutaka kukandamiza kila kitu: zege, mninga, udongo wa kichuguu, hata mfupa wa paja la ng'ombe. Alisema waganga wa mifupa na mafundi wa madaraja wanauliza swali lile lile bila kujuana, kwamba kitu huelemewa mpaka wapi ndipo kiachie. Na jiwe la Werema lilimtia wazimu wa furaha, kwa sababu lilikuwa jiwe la kusagia. Limekandamizwa na mikono ya mtu miaka na miaka. Je, chuma kikilibana, litaonyesha kwamba limechoka?

Werema alikuwa dereva, mtu wa Murangi, wa kando ya ziwa, akili yake yote kwenye sato na nyavu. Alitumwa vilimani upande wa Butiama kutafuta mawe, akalikuta hilo kwenye mahame, limelala kifudifudi majanini. Akaona limetupwa. Akaligeuza, akapenda lilivyo laini, akalipakia garini. Angejuaje, masikini? Kwa kina Eufrasia, mwanamke akifa, jiwe lake la kusagia hulazwa juu ya kaburi, uso chini, ili apumzike. Uso ukitazama juu, marehemu ameitwa kazini.

Na mahame yale, kwa jinsi Werema alivyoyaeleza, yalifanana mno na kwao, pale walipohamishwa wakati wa operesheni ya vijiji, wakamwacha mama yao, Gati, kaburini peke yake kilimani.

Lakini mawe yanafanana, jamani. Eufrasia alitaka kuhakikisha. Basi mchana huo, wenzake walipokwenda kula, alikuwa amefanya jambo ambalo ningekuwepo ningemshika mkono. Alichukua ulezi kiganjani, akapiga magoti sakafuni mwa maabara, akasaga kwa jiwe dogo la mkononi. Mama yake alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na jiwe lilikuwa limelika upande huo. Likamvuta mikono kushoto, kushoto, hata akamjua mama yake kabla unga haujatoka. Akaacha palepale, akalipangusa jiwe kwa khanga mpaka likang'aa. Ila alipoacha, ile sauti ya kusaga, kwaru, kwaru, iliendelea kidogo, taratibu, halafu ndipo ikanyamaza. Kusaga kwenye jiwe la marehemu ni kumpa kazi mkononi, na kazi iliyoamshwa haiachwi bila mtu. Alilijua hilo tangu utotoni, na bado alisaga.

"Dokta," alisema sasa, "hilo usilibane. Ni la mama yangu. Alikuwaga anasagia hilo."

Dokta akavua miwani. "Pole sana, mama. Lakini kesho naondoka, na jiwe lililotumika namna hii sitalipata tena. Nitalibana kidogo tu, halafu litarudi lilivyo."

"Na likipasuka?"

Dokta akaipangusa miwani kwa shati.

"Likipasuka atafunikwa na nini? Si atasaga milele? Mimi siusukumi huo mpini, Dokta. Nifukuze tu."

Hakumfukuza. Alilibeba jiwe mwenyewe kwa heshima, akaliweka kati ya sahani, akashika mpini. Mshale ukapanda. Jiwe halikulia hata kidogo. Mshale ukapanda tena, na hapo ikaanza: kwaru, kwaru, kwaru.

"Dokta, acha kusukuma," alisema Werema kutoka mlangoni.

"Nimeacha."

Kweli alikuwa ameacha. Mikono yake yote miwili ilikuwa hewani. Kwaru ikaendelea, nayo pembezoni mwa jiwe unga ukaanza kumwagika, unga wa ulezi, mwekundu, wenye joto la kusagwa sasa hivi. Ulijaa kwenye sahani ya chuma ukadondoka sakafuni. Chumba kizima kilinukia kama jikoni.

Dokta alifungulia mafuta ya pampu, chuma kikanyanyuka. "Werema," alisema polepole, "petroli ya kufika Butiama ipo?"

"Ya kwenda na kurudi ipo, kwa shida."

"Basi twende."

Njia nzima Eufrasia alilipakata jiwe, na mtetemo wake aliusikia mapajani. Kwenye mahame alipaona mara moja: mstatili wa udongo mtupu, majani ya kando yake meupe kwa kukosa jua. Akapiga magoti. Akaligeuza jiwe uso chini, akaliegemea kwa uzito wake wote.

"Acha sasa, mama," alisema. "Inatosha. Watoto wameshiba."

Kukawa kimya. Si kimya cha kunyamaza, ni kimya cha mtu aliyepitiwa na usingizi. Eufrasia alilia mpaka akacheka. Werema akavua kofia, akaliambia jiwe, "Nisamehe, mama, sikujua," na Dokta Clementi akatazama pembeni, akijipangusa unga vidoleni bila kukoma.

Walirudi jua likiwa bado juu. Eufrasia alikuwa na furaha ya kweli, moyo mweupe kabisa, akiwasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiimba kwa pua.

"Mama," Werema alimkatiza, macho yakiruka kutoka barabarani. "Mikono."

Akaitazama. Ilikuwa juu ya mapaja yake ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, ikivuta kushoto. Akaikunja. Akaikalia. Mabega yakaendelea yenyewe. Gari likateremka kuelekea ziwani, na khanga ya Eufrasia, ambayo asubuhi ilikuwa nzima, ilikuwa imeanza kulika upande wa kushoto.